Shahidi Aligeuka Kijani

Siku ya sita nilifungua kabati la maabara, nikakuta chupa ambayo sikuitia kitu chochote imegeuka kijani.

Niliganda pale kama nimepigiliwa misumari.

Niwaeleze taratibu. Mimi ni mhudumu wa maabara. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejifunza mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa nimepima maji ya laguni yetu, ziwa la chumvi lililotengwa na bahari kwa ukingo wa mchanga.

Mwaka huo maji yaligeuka kijani, samaki wakaanza kufa. Kinachoyageuza ni vijimea vidogo mno, huvioni bila hadubini. Vikishiba vinazaana mpaka maji yanaishiwa hewa.

Swali likawa, vinashibishwa na nini? Naitrojeni ya mbolea kutoka mashambani, au fosfeti, kirutubisho kingine cha mimea?

Bosi akasema atakayejibu vizuri ndiye atakayesimamia kazi yote ya laguni.

Nafasi ile niliiona yangu kabisa.

Kisha wakamwajiri mdogo wangu.

Tumbo moja, baba mmoja. Ana digrii. Siku ya kwanza tu bosi anamwita "daktari". Mimi ananiita "mzee wa chupa".

Nilicheka na wenzangu. Ndani nilikuwa naungua.

Kila mmoja wetu akajaza chupa nne maji ya laguni, kutoka upande uliokuwa bado safi. Moja naitrojeni, moja fosfeti, moja vyote viwili. Ya nne haitiwi kitu. Hiyo tunaiita shahidi, maana ndiyo inayotuambia kama nyingine zinasema kweli.

Za mdogo wangu, shahidi alikuwa safi. Naitrojeni peke yake, safi. Mbili zenye fosfeti ndizo tu zilizogeuka kijani.

Zangu? Zote kijani, shahidi akiwemo.

"Mzee wa chupa, shahidi wako kahongwa!" dereva wa boti akapiga kelele. Maabara nzima hoi kwa kicheko.

Mdogo wangu hakucheka. "Kaka, njoo tuongee kidogo."

"Tuongee nini? Nenda kaongee na bosi wako."

Funguo za kabati tulikuwa nazo wawili tu, mimi na yeye. Nikajumlisha. Jibu likaja haraka, na mimi si mtu wa haraka.

Nikaenda kwa bosi. "Amenitilia kitu kwenye chupa."

Mdogo wangu akaitwa. 

"Kaka, chupa zako uliziosha na nini?"

"Sabuni ya unga. Kama siku zote."

"Sabuni ile ina fosfeti, kaka."

 Zamani tulipima chumvi na joto tu, sabuni haikudhuru. Yeye chupa zake alizisuuza kwa tindikali.

"Ndiyo maana nilikuita," akasema polepole. "Tena kosa lako limetusaidia. Kama mabaki ya sabuni yanatosha kugeuza chupa, fikiria maji ya kufulia ya mji mzima yanayomwagikia laguni. Wakulima tumewasingizia."

Bosi akavuta droo, akatoa barua. Mwandiko niliujua, wa mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kalamu.

Aliiandika wiki moja kabla ya siku ile. Aliomba kazi nisimamie mimi, yeye awe msaidizi wangu.

"Nilishakubali," bosi akasema. "Nilikuwa nasubiri majibu ya chupa tu. Sasa nimpe usimamizi mtu anayemshtaki mwenzake kabla hajasoma pakiti ya sabuni?"

"Bosi, tafadhali," mdogo wangu akaanza.

"Hapana, daktari. Utasimamia wewe."

Leo ndiye mkuu wangu. Hajawahi kuligusa jambo lile, wala nyumbani hakuna anayejua. Akinipangia kazi huanza na "kaka, naomba". Ni afadhali angefoka.

Wewe unayesoma, kama kuna ndugu unamshuku, muulize kwanza. Akikuita muongee, nenda. Mimi niliitwa, nikajibu kwa wivu, na swali lenyewe lilikuwa la dakika moja.