Kiganja Juu ya Injili

Mwalimu wetu wa Biblia hufuta miwani kwa pindo la shati kabla ya kumpinga mtu, kwa hiyo akiishika tu, tunajiweka sawa vitini. Jumapili hii ya Pasaka aliifuta mara mbili. Shemeji yake alitaka kuisoma sura ya mwisho ya Injili ya Marko hadi mwisho wake. Mwalimu akafunika ukurasa kwa kiganja chake kipana.

“Nakala za kale zaidi zinaishia mstari wa nane wa sura hii, shemeji. Wanawake wanakimbia kutoka kaburini, wanafumba midomo kwa hofu. Basi.”

“Wote wakafumba midomo? Sasa wewe habari umezipata kwa nani?”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akaigusa miwani, akaiacha palepale puani. Kiganja kikaondoka taratibu, kidole kwa kidole.

“Soma, shemeji. Na upaze sauti.”