Wimbo wa Taifa Kizuizini Mabamba

Nikinusa moshi wa kurina asali nakumbuka nyuki walivyomfukuza shangazi hadi mtoni, nasi watoto tukacheka. Ila hofu yenyewe niliijua kwenye kizuizi cha barabarani Mabamba, mpakani na Burundi, askari alipotaka kila mtu aimbe wimbo wa taifa ili ajue nani Mrundi, amrudishe kwao. Wetu, wa upande huu wa mpaka, nilifundishwa shuleni. Huenda taratibu kama wa kanisani. Wa Burundi huenda kwa mwendo wa gwaride. Baba, Muha wa hapahapa, hakusoma. Aliujua huo wa Warundi tu, kwa kuvuka kwenda kuvuna kahawa yao. Akauanza. Nilitaka kumnong'oneza wetu, lakini askari alishamsikia.

“Kumbe Mrundi!” askari akasema. “Na mtoto utavuka naye.”

“Mtoto ni wa hapa, afande. Mwimbishe uone.”

Nikaimba wetu. Kabla sijamaliza, baba akauachia mkono wangu, akatembea kuelekea Burundi, na hakurudi tena.