Nailoni ya Kumi na Mbili

Karakana nzima hakuna anayenizidi mikono, isipokuwa yule mama wa meza ya tatu, na hilo simwambii ng'o. Kazi yake ni kupanga vitambaa vya nyuzi za kaboni vyenye gundi, kimoja juu ya kingine, mpaka vifanye ubavu wa bawa la ndege. Kila kitambaa huja na nailoni ya bluu mgongoni. Yeye huibandua kwa ukucha wa kidole gumba, akaitundika kwenye msumari, halafu akakikanda kitambaa kwa kiganja mpaka upepo wote utoke. Kusema hasemi, huguna tu. Juzi, ubavu umeshafika mlangoni mwa tanuri la kuikausha gundi, akahesabu nailoni msumarini. Vitambaa kumi na viwili, nailoni kumi na moja. Nailoni ikibaki ndani, vitambaa vitaachana na bawa litavunjika huko juu angani.

"Hauingii huu," akasema.

Msimamizi akaja juu. "Mama, wateja wanasubiri! Umehesabu vibaya!"

Nami sikukosa la kumtania yule mama. "Shemeji, labda umeimeza."

Mama akachukua kisu, tayari kuufumua ubavu wote, kazi ya siku mbili. Msimamizi akageuka kwa hasira aende kumshtaki kwa wakubwa. Yule mama akaguna, akamfuata, akainama, akabandua kitu cha bluu kwenye makalio ya suruali ya msimamizi.

"Kumi na mbili," akasema. "Bosi, siku nyingine usikalie meza yangu. Haya, washeni tanuri."