Boriti ya Jikoni

Mume wangu aliipenda ile nyumba tangu siku ya kwanza. Alikuwa fundi wa reli, na tangu tuoane tulikuwa tukiishi katika nyumba za kampuni, ambamo hata kupigilia msumari ukutani ulipaswa kuomba ruhusa. Hii ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yenye ua na mparachichi. Mwenye nyumba, mama mjane, alitaka kurudi kwao Mitwaba akakae na dada yake.

Mimi niliona ufa. Ulianzia juu ya dirisha la chumba cha kulala ukashuka hadi sakafuni. Nilimwambia mume wangu tumwite mjenzi aikague nyumba kwanza.

"Yule mama atazani hatumuamini," alisema.

"Azani tu. Siye njo tutalala mule, hapana yeye."

Mjenzi alikuwa mzee Mwislamu, ukoo wake wa Maniema. Watu wengi wa mtaa walimlipa awakagulie nyumba kabla ya kununua. Aligonga kuta akisikiliza, kisha akachimba nje, chini ya ufa, akatazama msingi. Nilimfuata kila alikokwenda.

"Mama, hii ufa isikuogopeshe," aliniambia. "Ni lipu njo imepasuka. Ukuta iko nguvu."

Nilishusha pumzi. Mume wangu alikuwa ameshaanza kutabasamu mzee alipoomba ngazi, akapanda kuangalia miti ya paa la jiko. Aliposhuka alishika kipande cha boriti; alikibana kwa vidole, kikavunjika kama mkate mkavu. Ndani mlikuwa na udongo mtupu. Mchwa walikuwa wameila boriti yote.

"Nani anapikaka humu?" aliuliza.

"Ni miye," mjane alijibu kutoka mlangoni, akionyesha sufuria yake ya ugali. "Kila siku naokotaka udongo mu bukari, nasema ni upepo."

Mzee alituambia sote tutoke jikoni twende uani. Kesho yake alikuja na watu wake kulibomoa paa. Walipoigusa tu ile boriti, ilikatika, na mabati yote yakaanguka kwa kishindo juu ya mafiga, mahali pale pale mjane alipozoea kukaa. Vumbi lilipotulia, yeye alinishika mkono, hakuuachia. Mume wangu aliketi chini, kisha akaanza kucheka, nasi tukacheka pamoja naye hadi machozi yakatutoka.

Tuliinunua nyumba baada ya paa kuwekwa upya. Siku za matengenezo nilikuwa nikienda kupika uani na mjane, na siku ya safari yake tulimsindikiza kama mama yetu. Boriti mpya zilipakwa oili chafu ya magari ili mchwa wasizisogelee. Kwa miezi mingi samaki niliowapika jikoni mle walinuka gereji, na mume wangu aliwala bila kulalamika hata mara moja.