Ukiona Gurudumu, Umefika

Sisi wa rika letu, tuliokulia kambi ya wakimbizi kule Kigoma, tulisafiri kwa ndege mara nyingi sana kabla hatujaigusa ndege yenyewe. Wenzangu mnajua ninachosema, na bila shaka mmeshaanza kutabasamu. Lakini nitaeleza polepole, kwa ajili ya wadogo zetu waliozaliwa huku Sydney, ambao wakisikia neno kambi wanafikiria mahema ya rangi na soseji za kuchoma.

Familia ikishakubaliwa kuhamia nchi nyingine, iliitwa darasani kufundishwa mambo ya safari. Mwalimu alipanga mabenchi mistari mistari, akaacha njia katikati, akatukalisha wakubwa kwa wadogo, kisha akatufundisha kufunga mkanda kwa kamba ya katani. Tulifundishwa jinsi ya kufunga mlango wa choo cha ndege, na kwamba chakula kikiletwa hakuna haja ya kuuliza bei. "Na kule mnakokwenda," alisema, "mtapanda treni kila siku, kama hapa mnavyokwenda bombani." Mama yangu, ambaye hakuwa amewahi kuiona treni, aliliweka neno hilo moyoni.

Watoto wasioitwa walichungulia madirishani, na jioni darasa lote likahamia nje, kwenye udongo mwekundu nyuma ya bomba la maji. Hivyo ndivyo mchezo wa ndege ulivyozaliwa. Viti vilikuwa matofali mabichi, na usukani ulikuwa mfuniko wa sufuria. Rubani hakubadilika: alikuwa Riziki, binti wa mama mkubwa, yaani dada mkubwa wa mama yangu. Mimi na Riziki tulizaliwa msimu mmoja wa mvua, tukalala mkeka mmoja, na kama ungetuuliza, tungekwambia tuna mama wawili.

"Fungeni mikanda!" alikuwa akipiga kelele, kisha ananigeukia mimi. "Sifa, weye, funga mkanda, utatuangukia Uganda!"

Ndege ikisharuka, kila abiria alipaswa kusema anaona nini dirishani. Ukirudia alichosema mwenzako, ulishushwa hapo hapo, hata kama ni juu ya ziwa. Ndiyo maana watoto wa kambi ile walikuwa na macho makali. Mmoja anaona tembo watatu wanaoga, mwingine anaona harusi, mwingine anamwona mama yako akiunguza ugali. Harufu ya maharage ilikuwa inatambaa kutoka majikoni, mitwangio ya sombe, yaani kisamvu, inagonga, nasi tuko juu ya mawingu, miguu peku.

Kisha safari ya kweli ikaja, lakini ikaja kwetu peke yetu. Faili letu halikuwa moja na la mama mkubwa. Wao wangefuata baada ya wiki chache. Mama mkubwa alimwambia mama, "Wiki chache si za kulilia," naye mwenyewe akalia. Riziki hakulia. Alinivuta pembeni akanipa kazi, kama rubani anavyompa kazi msaidizi wake.

"Usilale ndani ya ndege. Angalia dirishani, uniambie alama zote, ili na mimi nikija nijue kama ni kwenyewe."

Sikulala. Nilitazama mpaka shingo ikakakamaa. Nchi tuliyoiendea ilikuwa kubwa na kavu, haina mwisho, kisha asubuhi ndege ikaanza kushuka na dunia ikabadilika. Mapaa mekundu yalipangana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Maji yaliingia nchi kavu kama vidole vya mkono. Likatokea daraja lililojikunja kama mgongo wa paka aliyeshtuka, na chini yake, ukingoni mwa maji, nikaliona gurudumu. Fikiria gurudumu la baiskeli lililosimamishwa wima, kubwa kuliko kanisa, limening'inizwa vibanda vidogo vya rangi. Pembeni yake kulikuwa na reli iliyopanda juu, ikajipinda, ikaporomoka, ikapanda tena, na juu yake kijigari kilichojaa watu kikaanguka kama jiwe.

Mama naye alikuwa ameegemea bega langu, anatazama. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Ile njo treni?" aliuliza, yaani ndiyo ile treni ya mwalimu.

"Labda," alisema baba, kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishana angani.

"Miye siwezi panda ile kitu. Heri nitembee."

Uwanjani tulipokewa na mama mmoja wa Bukavu aliyetutangulia huku miaka mingi. Nilimwonyesha gurudumu kwa mikono, naye akacheka hadi akafuta macho. Akatueleza kwamba pale ni bustani ya michezo, na kwamba reli ile na gurudumu lile vyote ni vya watoto kufurahia.

"Watoto wa nani?" aliuliza mama, kwa mashaka makubwa.

Hatukuwahi kwenda kuthibitisha. Tulikuwa hatujazoea hata baridi ya friji pale kwetu Blacktown, ugonjwa ulipoingia duniani na mipaka ikafungwa. Ndege zikakatika. Anga lililokuwa na mistari myeupe kila asubuhi likabaki buluu tupu. Wiki chache za mama mkubwa zikawa miezi, vipimo vyao vya hospitali vikaisha muda, wakapimwa upya, vikaisha tena. Kila tulipouliza, tulijibiwa kwa upole kwamba tusubiri. Mama aliacha kuuliza, akaanza kufunga na kuomba kila Jumatano. Hakuna aliyetamka hofu yetu, lakini hata mimi mtoto niliijua: kuna mafaili ambayo husubiri mpaka watu wakayasahau.

Ndipo mimi na Riziki tukaanza tena mchezo wa ndege, safari hii kwa simu. Nilimtumia ujumbe wa sauti kila siku. Kule, simu ya mama mkubwa ilikuwa ikichajiwa kwa kinyozi, mwenye sahani ya umeme wa jua, na kwa kuwa spika yake ilikuwa kubwa, ujumbe wangu ulisikilizwa na wote: anayenyolewa, anayesubiri, na watoto waliojaa mlangoni. Nilikuwa nimekaa chini ya dirisha la chumba chetu, kompyuta ya kuazimwa na shule iko mapajani, mwalimu anaongea peke yake, nami nanong'ona kwenye simu.

"Abiria, tunashuka. Kwanza mapaa mekundu. Pili maji yenye vidole. Tatu daraja la mgongo wa paka. Nne?"

Jibu lilikuja baada ya saa kadhaa, sauti ya Riziki mbele na watoto wengi nyuma yake, wakiimba kama jedwali la kuzidisha: "Ukiona gurudumu, umefika!"

Niliona vitu vile mara moja tu, tena kwa muda mfupi kuliko wa kumenya ndizi. Lakini Riziki alitaka zaidi, nami nilikuwa na siku nyingi zisizo na kitu. Ilipofika zamu ya sisi wa magharibi mwa jiji kufungiwa kwa ukali, helikopta ikizunguka juu ya nyumba, na baba peke yake akitoka alfajiri kwenda ghalani na kibali chake, gurudumu lilikuwa limeota taa za rangi saba. Baadaye likapata muziki. Nilipolala mchana niliota naliona likizunguka polepole, na katika kila kibanda ameketi mtu wa kwetu: kinyozi, mwalimu wa mabenchi, mama mkubwa na kitambaa chake cha kanisa. Nilipoamka nilimsimulia Riziki kama nilivyoota, naye hakuniuliza hata siku moja kama ni kweli. Na yeye alinilipa habari. Nilijua mvua imenyesha lini, kuku wa nani ameibiwa, na yeye mchana amekula nini. Siku ya migebuka, samaki wetu wa ziwani, alinitafunia simuni ili niumie.

Kulikuwa na mvulana mmoja wa pale kwa kinyozi ambaye familia yake ilifanikiwa kwenda Kanada. Alituma ujumbe wa malalamiko mara tu alipofika: ametazama dirishani mpaka mwisho, hakuna gurudumu wala daraja la paka, je, kuna makosa? Tulicheka siku mbili. Ningekuwa na akili, ningejua kwamba kicheko kile kilikuwa kinanionya.

Masharti yalipolegezwa, ilibidi mama aanze masomo ya Kiingereza Parramatta, na huko unakwenda kwa treni. Nilimsindikiza. Alikaa amefumba macho, amekumbatia nguzo, anaimba wimbo wa kanisa kwa pumzi ya chini, anangoja kuporomoka. Tulipokaribia kushuka alifungua jicho moja.

"Njo hii tu?" aliuliza, karibu kwa kuvunjika moyo.

Kisha habari zikaja: mipaka inafunguliwa, na jina la mama mkubwa limo. Mama alipika tangu jana yake, sombe ya barafu kutoka duka la Waafrika, ugali wa mihogo, maharage. Tukaenda uwanjani mapema mno, wote na barakoa. Mvua ilikuwa inanyesha. Abiria wa ndege yao wakaanza kutoka, mmoja mmoja, kisha makundi, kisha mzee na mkongojo wake. Kisha mlango ukatulia. Baba alikwenda kuuliza, akarudi anatikisa kichwa. Nilitazama mlango ule nikahisi ile hofu yetu isiyotamkwa imekuja kusimama nasi.

Simu ya mama ikalia, namba ngeni. Nikaipokea mimi.

"Sifa," ilikuwa sauti ya Riziki. "Wametushusha mahali pengine."

Ndege ilikuwa imekuja kwa upande wa bahari, ndani ya mawingu, na dirishani hakukuwa na kitu ila maji ya kijivu. Riziki alisubiri mapaa, hayakuja. Alisubiri daraja, halikuja. Magurudumu ya ndege yalipogusa ardhi alimwambia mama yake, "Hapa si kwenyewe, tusishuke," na mama mkubwa, aliyelisikia gurudumu likisifiwa kwa kinyozi miaka miwili, alimwamini bintiye kuliko wahudumu wote. Wakakaza mikanda. Abiria wote wakashuka, wao wamekaa wima wanasubiri iendelee na safari. Walipotolewa kwa kubembelezwa, waligoma tena kwenye korido, mpaka mfanyakazi mmoja mwenye huruma akampa Riziki simu yake, naye akapiga namba yetu aliyoikariri.

"Riziki, tuko hapa," nilimwambia. "Hapa hapa, nje ya mlango. Mama yuko, baba yuko, sombe iko nyumbani."

Nilimsikia akimweleza mama yake, kisha akarudi simuni.

"Kumbe na nyinyi wamewaleta huku?"

Walitoka wameshikana mikono, na mama akapita chini ya kamba ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuipita, na wale dada wawili wakashikana, barakoa zimelowa. Riziki alinishika mashavu yote mawili akanikagua. "Umenenepa," alisema. "Njo kwenyewe."

Juzijuzi mdogo wetu Baraka, aliyezaliwa huku wakati wa kufungiwa, alipanda ndege kwa mara ya kwanza. Tulimpa kiti cha dirishani, heri ambayo enzi zetu ungeipigania. Akashusha kifuniko cha dirisha ili mwanga usimsumbue machoni. Mama akamwambia, "Baraka, mwanangu, tazama chini, utaona mji." Akajibu bila kuinua kichwa, "Wait, Mama, nacheza game." Simlaumu. Yeye hajawahi kumwachia mtu nyuma ahadi ya kumwambia njia. Atazame tu mchezo wake, siku moja atakuwa na mtu wa kumsimulia, na macho yatafunguka yenyewe.

Nasi wakubwa je? Riziki sasa ana kazi yake ya kutunza wazee, ana gari, anaishi Macquarie Fields. Mimi nimebaki Blacktown. Simu zetu ni nzuri, hazihitaji kinyozi. Tunaulizana "uko poa?", tunajibiana kwa kidole gumba, tunaahidiana Jumapili ambayo haifiki. Wakati ule kati yetu kulikuwa na bahari nzima na mipaka imefungwa, nami nilijua mchana amekula nini. Siku hizi kati yetu kuna treni mbili tu, na leo sijui.