Waliomfufua Tindi

Chepchumba alifika ukumbini mapema, akanunua kitabu mlangoni ili akisome kabla ya hotuba kuanza. Alipofika ukurasa wa mia moja na arobaini alikifunga kwa kishindo, hata watu wa safu ya mbele wakageuka kumtazama.

"Wamemfufua," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Hawa watu wamemfufua Tindi!"

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mshonaji wa sare za shule kutoka Olenguruone. Asubuhi hiyo alikuwa amefunga duka wiki ya shule kufunguliwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aijue cherehani. Alilifunga kwa ajili ya Jemadari Falaki. Kampuni moja ya vitabu ilikuwa imetangaza kwamba shujaa huyo wa vibonzo, aliyelinda nyota na sayari katika vijarida vya zamani kisha akapotea zaidi ya miaka thelathini, anarudi katika kitabu kizima cha rangi, na kwamba kitazinduliwa Nakuru Jumamosi.

Vijarida hivyo aliletewa na kaka yake Kibii, aliyefanya kazi katika kiwanda cha mbao Elburgon. Kila mwisho wa mwezi Kibii alikuja nyumbani na toleo jipya ndani ya koti, unga wa mbao umejaa katikati ya kurasa, na wakalisoma pamoja kabla hata chai haijaiva. Falaki aliweza kusukuma mwezi kwa bega. Lakini waliyempenda wao ni Tindi, makanika wake, mtu asiye na nguvu yoyote ya ajabu, aliyefunga chombo chao cha angani kwa waya na mpira wa tairi kuukuu, akinung'unika kwamba mashujaa hawajui kupangusa miguu mlangoni.

"Falaki ni wale wakubwa wa kwa redio," Kibii alikuwa akisema. "Tindi ndiye sisi."

Mwaka wa 1991 gogo liliporomoka kutoka kwenye lori pale kiwandani likamuua Kibii. Baada ya mazishi Chepchumba alipewa koti lake, na mfukoni akakuta toleo la thelathini na moja. Ndilo toleo ambamo Tindi anabaki ndani ya nyota inayokufa, ameshikilia mlango kwa mikono mitupu ili wenzake watoke. Falaki hatoi hotuba. Kwa kurasa tatu nzima ameketi tu juu ya jiwe linaloelea gizani, na hakuna neno hata moja lililoandikwa. Wakati huo kila aliyeingia nyumbani kwao alikuwa na la kusema: jikaze, ndiyo kazi ya Mungu, yuko mahali pema. Kurasa zile tatu tu ndizo zilizomwacha Chepchumba alie bila kumfundisha kitu. Alizirudia mwaka mzima.

Na sasa, katika kitabu hiki kipya, mlango wa chombo unafunguka, Tindi anaingia akijinyoosha na kupiga miayo, halafu anasema: "Nilikuwa nimelala tu."

Kulala! Damu ilimchemka. Hotuba zilipoisha na kijana wa kampuni, aliyeitwa Jeff, akauliza kama kuna maswali, mkono wa Chepchumba ndio uliotangulia kupanda.

"Mathe, ngoja kiasi," Jeff alisema kwenye maikrofoni, akitabasamu. "Tuanze na mafans, halafu wazazi wenye wameleta watoto tutawafikia."

Watu wakacheka. Chepchumba akasimama hivyo hivyo.

"Mimi sijaleta mtoto," alisema, na sauti yake haikuhitaji maikrofoni. "Nimejileta. Hizi hadithi nimezisoma kabla mama yako hajajua atakuzaa. Unataka kunipima? Niulize Tindi alishona tangi la maji na nini, toleo la kumi na mbili."

"Na kamba ya viatu!" alijibu mzee mmoja kutoka nyuma. Alikuwa Jamleck, mwalimu mstaafu wa Subukia. "Mpe mama nafasi, boss."

Kicheko kikazimika. Chepchumba akakiinua kitabu.

"Nani ameandika kwamba huyu mtu alikuwa amelala?"

Kwenye kiti cha wageni alikaa Ogola, mchoraji mwenyewe, mzee wa miaka sabini na miwili mwenye fimbo. Akajiinua taratibu.

"Kumrudisha ni mimi," alisema. "Nilimuua nikiwa kijana, sikujua kifo ni nini. Sahi nimezika bibi yangu, nimezika watoto wawili. Nilitaka nichore mtu mmoja tu akirudi, mama. Unisamehe."

Chepchumba hakutegemea hilo. Hasira yake ilikosa pa kukanyaga, lakini haikuondoka.

"Mzee, sikukatazi," alisema. "Hata mimi kuna mtu ningetaka aingie kwa mlango leo. Lakini akiingia, hawezi kuniambia alikuwa amelala. Sisi tulilia! Sasa hayo machozi yalikuwa ya nini? Ya mzaha?"

Ogola akamgeukia Jeff.

"Hayo maneno si yangu," alisema. "Nilichora Tindi akiingia, na Falaki akiangusha kikombe. Basi. Sikuweka maneno yoyote."

Ukumbi ulilipuka. Jeff alieleza kwamba walifanya utafiti, kwamba wasomaji wa siku hizi wanapenda kuchekeshwa kidogo, lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Watu wazima, wengine na mvi zao, walikuwa wamesimama wakipiga kelele kwa ajili ya makanika wa kuchorwa. Chepchumba hakuona aibu hata chembe.

Kesho yake aliiandikia kampuni barua ya kurasa nne. Akajibiwa kwa mistari miwili: asante kwa maoni yako, mpendwa msomaji, endelea kutufuata mtandaoni. Jibu hilo lilimuudhi kuliko kitabu chenyewe. Alimpigia Jamleck simu; mwalimu akatafuta wasomaji wa zamani kutoka Subukia hadi Molo, na barua ya pili ikaenda na majina sitini na matatu, la Ogola likiwa la kwanza.

Miezi mitano baadaye chapa ya pili ikatoka. Chepchumba alisimama katikati ya duka la vitabu Nakuru, akafungua ukurasa wa mia moja na arobaini. Tindi alikuwa mlangoni. Kikombe kilikuwa hewani, hakijafika chini. Hakukuwa na neno. Akaitazama picha hiyo mpaka macho yakamwuma, na hapo ndipo alipoona jinsi Ogola alivyouchora mkono wa Falaki, vidole bado vimekunjwa kana kwamba vimeshika kitu.

Kisha akafungua ukurasa wa kwanza. Kampuni ilikuwa imeandika kwamba marekebisho hayo yamefanywa na wahariri wake, "kwa kuwajali mashabiki." Ogola hakutajwa popote. Chepchumba akaenda moja kwa moja hadi kwa muuzaji.

"Uko na karatasi za kuandikia barua?" aliuliza. "Nipe nyingi."