Koti la Themanini

Nerima hakuwa mtu wa kulialia. Miaka kumi na tisa alikuwa ameshona makoti meupe ya wanafunzi wa udaktari katika kibanda chake pale soko la Owino, Kampala, nafasi ya cherehani mbili na stuli moja, na waliokuja kupimwa kwa woga walirudi baadaye na magari yao kumsalimia. "Mama Vera, umenisahau?" Asahau wapi! Mtu ukishampima mabega, utamsahau vipi?

Yeye na mumewe Wandera walitoka Busia ya Kenya. Wandera ni dereva wa malori, na wiki hiyo alikuwa barabara ya Juba. Binti yao Vera ndiye wa kwanza katika ukoo mzima kupata barua ya kusomea udaktari. Barua ilitoka chuo kidogo cha kule Makindye, na Nerima aliitia kwenye plastiki akaionyesha nusu ya soko. Haikupita miezi miwili, lo! Chuo kidogo kikaunganishwa na chuo kikubwa: jina jipya, nembo mpya. Sasa, chuo kidogo kilikuwa kimeahidi nafasi hamsini, kikubwa sitini, na chuo hicho kipya kitachukua themanini tu. Hesabu hiyo hata muuza nyanya anaiweza. Watu thelathini watabaki nje, barua mkononi.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawa wala hawakupigana. Walioana, kwa hotuba na keki, na nyasi zikaumia vilevile.

Jumatano asubuhi akaja Abdul-Latif, karani wa chuo, Mnubi mpole anayetoa salamu mpaka kwa paka. Alikuwa na bahasha.

"Mama Vera, kazi imefika. Yale makoti themanini ya mwaka wa kwanza uliyokwisha kushona, sasa kila moja litiwe jina kifuani. Nachukua Ijumaa saa kumi. Orodha itabandikwa Jumatatu, kwa hiyo mimi sijakupa na wewe hujaiona."

"Latif, umesahau kwamba nina mtoto anayeingoja orodha hiyohiyo?"

Latif akashika kichwa. "Wallahi nimesahau! Basi nimpelekee fundi mwingine?"

"Lete hapa," Nerima akasema. Kazi ni kazi.

Alikuwa na mtindo wake wa kufanya kazi. Zamani aliwahi kuruka macho kwenye orodha, akamtarizia kijana mmoja jina la mwenzake, na kijana akazunguka wodini mwezi mzima akiitwa Josephine. Tangu siku hiyo alikata kadi ya boksi la biskuti, akaitoboa mwanya mwembamba unaoonyesha jina moja tu na saizi yake. Anaiweka juu ya karatasi, anashona jina hilo, anaishusha mstari mmoja. Lililopita halimhusu, linalokuja halimhusu.

Safari hii kadi ilimfaa kwa jambo jingine. Majina yalipangwa kwa alfabeti, ukoo kwanza, na Wandera iko karibu na mwisho. Angeweza kuinua kadi akaangalia mara moja tu, nani angejua? Lakini aliogopa. Akisha kuona jina halipo, mikono itashona vipi makoti ya watoto wa watu? Akaanza na A.

Usiku alirudi nyumbani Kawempe, akala na Vera, akazungumza habari za mvua. Vera, ambaye asubuhi alifanya kazi katika duka la dawa, hakuuliza kitu. Na kutouliza kwake ndiko kulikomkata mama maini.

Ijumaa saa saba mchana alikuwa amefika W. Waiswa. Wamala. Alipomaliza Wamala, akaingia kijana mrefu, Ongom, wa mwaka wa nne wa chuo kile kidogo, koti lake begani.

"Mama, nimetumwa nibadilishe nembo ya mfukoni. Wanasema tukiwa na ya zamani hatuingii wodini."

"Nikufumulie?"

"Usiifumue, bambi, nakusihi. Ile ndiyo iliyonipokea. Shona mpya juu yake."

"Mfuko utakuwa mzito."

"Uwe mzito tu."

Akamshonea palepale, wakacheka kidogo, Ongom akaenda zake. Nerima akaigusa kadi, akaivuta chini, akachungulia kwenye mwanya.

Were.

Kwenye alfabeti, Wandera inakaa kati ya Wamala na Were, na hapo kati hapakuwa na mtu. Hakuinua kadi, kidonda hakitoneshwi mara mbili. Akamshona Were, akamshona Zziwa, herufi zimenyooka kama siku zote, na moyo wake umekufa ganzi.

Saa tisa Vera alikuja kusaidia kukunja, kama kawaida. Nerima alikuwa anahesabu mara ya tatu. Sabini na tisa. Na pale chini ya vipande vya kitambaa akavuta koti moja tupu, saizi ndogo, halina jina. Ameruka mtu! Namna ya kumjua ilikuwa moja tu: mmoja asome orodha, mwingine achambue makoti. Basi ikabidi aseme.

"Vera, mwanangu, kaa. Hii ni orodha yenyewe. Nimeimaliza leo. Haumo."

Vera akaangalia sakafu. Nerima alitamani ardhi ipasuke. Kisha msichana akapangusa uso kwa kiganja, akanyoosha mkono.

"Lete karatasi, Mama. Latif anakuja saa kumi, na kuna mtu hana koti."

Akasoma kuanzia juu, taratibu, na mama akajibu "yupo" kila alipoliona koti. Walipofika mahali pa ukoo wa Nabilah, Vera alisita. "Nabilah naye hayumo." Nabilah ni rafiki yake; barua walizipata siku moja.

"Soma, mwanangu. Soma tu."

"Waiswa."

"Yupo."

"Wamala."

"Yupo."

Vera akainamia karatasi.

"Endelea, muda unakwenda."

"Wandera Vera," Vera akasema polepole. "Saizi ndogo."

Nerima akapekua, akapekua tena. "Huyo hayupo," akajibu kwa mazoea.

Ndipo akainua kichwa. Wakatazamana. Ongom! Kabla ya kushika nembo ya Ongom alikuwa ameshaishusha kadi mstari mmoja, na baadaye akaishusha wa pili. Miaka yote hiyo kadi ile haijamkosea mtoto wa mtu, ikaja kumkosea wake.

"Mungu si Athumani!" akasema, akakaa chini palepale sakafuni, juu ya vipande vya kitambaa, akacheka na machozi yakimtoka.

Akalivuta lile koti tupu. Akajaribu kutunga uzi mara tatu, uzi ukakataa. Vera akamwondolea mkono, akautunga yeye.

Latif alipofika saa kumi alikuta makoti sabini na tisa yamefungwa vizuri na la themanini liko chini ya sindano, limefika herufi ya D. Alitaka kuuliza, akaona nyuso zao, akaacha. Akavuta stuli akakaa kungoja.